Wanakwaya wa Njombe na Makambako, Shikeni Kalamu

Wewe unayeimba sauti ya tatu kwenye kwaya ya vijana pale Mjimwema, na wewe unayepakia mbao wiki nzima Makambako halafu Jumapili unakaa kwenye kinanda, makala haya ni yenu. Vijana wengi wa kwaya huutaja muziki wa Bach, Mozart na Beethoven kama mali ya watu wengine kabisa: watu wa majumba ya fahari, nywele za bandia na tiketi za bei mbaya. Wanausikiliza kwenye simu, wanasema hawa walikuwa majiniasi, kisha wanarudi kukariri wimbo wa kwaya fulani ya Dar es Salaam uliotamba mwaka juzi.

Inukeni hapo mlipokaa. Muziki huo una enzi zake, na kila enzi ukiifungua unamkuta mwalimu wa kwaya mwenye shida zake, mji mdogo wenye baridi, waimbaji nusu wanaojua na nusu wanaobahatisha, na Jumapili inayokuja ambayo lazima ipate wimbo. Kwaya mnazo. Baridi ya Juni na Julai mnaijua kuliko Watanzania wengi. Jumapili haijawahi kukosa kufika. Kinachopungua ni kalamu.

Enzi zote mmeshaziimba

Kabla hujasema historia ya Ulaya haikuhusu, hesabu ulichoimba mwaka huu.

Katika parokia kongwe za Njombe bado wapo wazee wanaoweza kuimba Misa ya Kilatini bila kitabu, sauti moja, bila ngoma wala kinanda, wimbo ukipanda na kushuka polepole. Huo ni mtindo wa Zama za Kati, wenye zaidi ya miaka elfu moja. Ingia usharika wa KKKT, fungua Mwimbieni Bwana, na humo utakuta nyimbo za Martin Luther za miaka ya 1520. Ikikaribia Pasaka, kila kwaya inayojiheshimu inafufua Haleluya ya Handel: hiyo ni ya 1741, enzi ya Baroki. Anayejifunza kinanda huanza na ule wimbo wa furaha wa Beethoven, wa 1824, wakati enzi ya Klasiki inaikabidhi kijiti enzi ya Romantiki. Mkesha wa Krismasi mnaimba habari za usiku mtakatifu, wimbo wa 1818. Bibi harusi akiingia kanisani, mpiga kinanda anampokea kwa wimbo wa Wagner uliosikika mara ya kwanza jukwaani mwaka 1850. Maharusi wakitoka, wanasindikizwa na wa Mendelssohn wa 1842.

Kwa hiyo mwanakwaya wa Ramadhani au Lyamkena ambaye hajawahi kuliona jumba la muziki la Vienna ameshatembea kwenye enzi zote kwa mdomo wake. Amezibeba. Swali langu kwake ni moja: baada ya kubeba vya wenzake kwa muda wote huo, lini ataweka cha kwake?

Mali bila daftari

Karne ya 11 alikuwepo mtawa wa Italia, Guido wa Arezzo. Wakati wake nyimbo za kanisa zilikaa kichwani. Mwalimu anaimba, wanafunzi wanafuata, kesho tena, keshokutwa tena. Guido aliandika kwamba mtu aliweza kuhangaika miaka kumi na bado asiujue uimbaji sawasawa. Hali hiyo si ngeni kwetu: kwaya inajifunza kwa kusikiliza simu, kila sauti inarekebishwa mpaka watu wanachoka, na mwalimu akihamishwa kikazi kwaya inapooza miezi.

Guido akachora mistari na kuipa kila sauti mahali pake pa kukaa. Akachukua wimbo wa Kilatini wa Yohane Mbatizaji, ambao kila kipande chake kinaanza ngazi moja juu ya kilichotangulia, akatoa humo silabi za kufundishia: ut, re, mi, fa, sol, la. Watoto wa kwaya yake wakawa wanaimba nyimbo ambazo hawajawahi kuzisikia, kwa kuzitazama tu. Ile miaka kumi ikawa mmoja, ikizidi sana miwili. Watawa wenzake wa Pomposa wakamwonea kijicho, akahama akaendelea na kazi mahali pengine. Sifa zikafika Roma. Papa Yohane wa 19 akamwita, akakipekua kitabu chake, na hakuinuka mpaka yeye mwenyewe ameweza kuimba mstari mmoja kutoka humo.

Sasa toa karatasi ya nota iliyo kwenye begi lako. Ina mistari minne, mmoja kwa kila sauti. Ina herufi d, r, m, f, s, l, t. Nukta mbili zinatenga mapigo, kistari kinakuambia uvute sauti, alama ndogo juu au chini ya herufi inakuonyesha kama imepanda au imeshuka, na pembeni juu kabisa wameandika do ni ipi. Imetolewa fotokopi ya fotokopi mpaka mstari wa besi hausomeki. Karatasi hiyo ni mjukuu wa Guido. Aliyezigeuza silabi zile kuwa herufi za kuandika haraka ni mwalimu mwanamke wa mji wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover. Mchungaji John Curwen akazieneza kuanzia miaka ya 1840 kwa watoto wa shule za Jumapili na kwa wafanyakazi ambao piano walikuwa wakiiona kwa matajiri tu. Wamisionari wakazivusha bahari.

Wapo wanaokuambia kwamba hizo ni nota za maskini, kwamba muziki wa kweli uko kwenye mistari mitano tu. Jifunze mistari mitano, ndiyo, utaihitaji. Lakini usiionee aibu do re mi yako. Hungaria ilipotaka taifa zima lijue kuimba katika karne ya 20, mtunzi Zoltán Kodály na wanafunzi wake walichukua silabi hizo hizo, pamoja na ishara za mikono za Curwen, wakazipeleka madarasani. Leo njia hiyo inafundishwa nchi nyingi. Wewe umeipata bure kwenye mazoezi ya Jumatano jioni.

Wahenga walimaliza maneno: mali bila daftari hupotea bila habari. Nyimbo ngapi za kulima za Wabena, za harusi za Wakinga, za msiba za Wapangwa zimezikwa na bibi zetu? Ngapi zinaimbwa sasa hivi kwenye vilabu vya ulanzi na wazee ambao hatutakuwa nao muda mrefu? Unayejua kuandika d r m una daftari mkononi. Kulifunga ni dhambi.

Sauti ya tatu ilipobeba wimbo

Enzi ya Mwamko, takriban 1400 hadi 1600, ndiyo iliyozikalisha sauti nne meza moja. Palestrina kule Roma alizipanga hata hakuna sauti inayoikanyaga nyenzake. Mwaka 1501 Ottaviano Petrucci akachapa kitabu cha muziki Venice kwa herufi za chuma, na wimbo ukaanza kusafiri mbali kuliko mtunzi wake.

Kisha ikaja 1524. Wittenberg ulikuwa mji mdogo tu wa chuo. Luther, akisaidiana na mwanamuziki Johann Walter, akatoa kitabu cha nyimbo za sauti nyingi kwa lugha ya watu wa kawaida, na akasema wazi kwamba anawalenga vijana. Humo mara nyingi wimbo wenyewe, ule ambao kila mtu anaujua, ulipewa sauti ya tatu, yaani tena. Ndiyo, wewe wa sauti ya tatu, unayelalamika kwamba soprano wanapewa kila kitamu: zamani wimbo ulikuwa wako.

Wamisionari wa Berlin walipoingia Ubena mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wakafungua vituo vyao Kidugala, Lupembe na Ilembula, nyimbo hizo zilikuwa kwenye mizigo yao. Babu zetu wakazipokea, wakaziimba kwa pumzi ya milima yetu mpaka zikawa zao. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini angalia Luther alichofanya hasa: alichukua lugha ya sokoni na miziki iliyozoeleka, akaandikia watu wake, kwa mwaka wake. Anayemwiga Luther vizuri hataishia kumkariri.

Bach na kwaya isiyotosha

Hapa mwalimu wa kwaya akae vizuri, kwa sababu habari hii ni yake.

Johann Sebastian Bach alizaliwa Eisenach mwaka 1685, akafiwa na wazazi wote wawili kabla hajatimiza miaka kumi na moja. Mwaka 1705, akiwa kijana wa miaka ishirini, aliomba ruhusa kazini Arnstadt, akatembea kama kilomita 400 hadi Lübeck kumsikiliza mpiga kinanda mzee, Dieterich Buxtehude. Kutoka Makambako, hiyo ni zaidi ya kwenda Iringa mjini na kurudi, kwa miguu, kuelekea majira ya baridi ya Ulaya. Aliomba wiki nne, akakaa miezi, na aliporudi akakaripiwa na wakubwa wake. Lakini alirudi akiwa na alichokifuata.

Mwaka 1723 akapata kazi Leipzig: kufundisha wavulana wa shule ya Mtakatifu Thomas na kuhakikisha makanisa ya mji yana muziki. Miaka ya mwanzo karibu kila Jumapili ilidai kantata mpya: atunge, sauti zinakiliwe kwa mkono, wafanye mazoezi, waimbe, na Jumatatu aanze nyingine. Karibu 200 zimebaki hadi leo.

Unadhani alikuwa na kwaya ya malaika? Agosti 1730 Bach aliwaandikia viongozi wa mji waraka wa malalamiko, akawahesabu wanafunzi wake mmoja mmoja. Wanaofaa: 17. Ambao bado hawajafaa: 20. Wasiofaa kabisa: 17. Soma tena hesabu hiyo ukiwa umekaa mbele ya kwaya yako Alhamisi jioni, watu kumi na wawili wamekuja, tena wawili na besi hakuna. Bach wa Leipzig alikuwa na theluthi moja tu ya watu anaoweza kuwategemea, wakubwa wasiotoa fedha, na nyumba iliyojaa watoto. Miaka minne baada ya waraka ule, Krismasi ya 1734, aliandaa Oratorio ya Krismasi, kazi ya sehemu sita ambayo dunia inaiimba hadi sasa.

Anayengoja kwaya kamili ndipo atunge atangoja mpaka azeeke. Watungie ulio nao. Kama tena ni wawili, waandikie wawili. Kama soprano zako hazifiki juu, usizipeleke juu. Wimbo ulioandikwa kwa ajili ya watu unaowajua majina una nguvu kuliko wimbo mkubwa unaowazidi.

Na usidhani kazi ya haraka ni kazi mbaya. Handel, aliyezaliwa mwaka mmoja na Bach, aliiandika Masiya, ambamo Haleluya yenu imetoka, kwa siku 24 mwaka 1741. Ilipoimbwa mara ya kwanza Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, mapato yake yalikwenda hospitali na kuwakomboa watu waliofungwa kwa madeni. Wafungwa 142 wakatoka. Mara nyingine mtu akikuuliza muziki wa kwaya unasaidia nini, mpe namba hiyo.

Waliofukuzwa, waliopoteza masikio

Kuanzia kama 1750 hadi 1820 ni enzi ya Klasiki. Watunzi walipunguza mapambo, wakataka wimbo uliopangika: kifungu kinauliza, kifungu kinajibu, msikilizaji anajua ametoka wapi na anakwenda wapi. Kwa mtunzi anayeanza, hakuna shule bora kuliko hiyo. Andika kifungu kinachouliza, andika kinachojibu, umeshaanza.

Joseph Haydn, mmoja wa nguzo za enzi hiyo, alizaliwa mwaka 1732 kijijini Rohrau, mtoto wa fundi wa magurudumu ya mikokoteni. Baba yake alipiga kinubi jioni bila kujua nota hata moja. Mtoto akapata nafasi kwenye kwaya ya kanisa kuu la Vienna, akaimba miaka, hadi sauti yake ilipovunjika na kwaya haikumhitaji tena. Kijana wa kama miaka kumi na saba, mtaani, bila kazi. Akapanga chumba darini, akafundisha watoto wa watu kwa senti, na usiku akajifunza utunzi peke yake vitabuni, kwenye kinanda kilicholiwa na wadudu. Mwaka 1761 akaajiriwa na familia ya Esterházy, na kabla ya kufa alikuwa ameandika simfonia zaidi ya 100.

Wapo vijana Njombe waliofeli kidato cha nne wakaambiwa basi tena. Wapo walioondolewa kwaya kwa sababu sauti imebadilika, au wamehamia mjini, au wamegombana na mwenyekiti. Haydn anawaambia: waliokutoa kwenye mstari hawana mamlaka juu ya usiku wako na daftari lako.

Beethoven naye, tarehe 7 Mei 1824, alisimama mbele ya watu Vienna siku simfonia yake ya tisa ilipopigwa mara ya kwanza. Masikio yalikuwa yameshakufa. Inasimuliwa kwamba makofi yalipolipuka hakuyasikia, mpaka mwimbaji mmoja alipomgeuza ayaone kwa macho. Mtu huyo alitunga kwa kusikia kichwani, kwa sababu miaka ya kusoma na kuandika nota ilikuwa imempa sikio la ndani. Ukijizoeza kusoma nota kimya kwenye basi kutoka Njombe hadi Makambako, mstari kwa mstari, ukausikia wimbo bila kufungua mdomo, sikio hilo linaanza kukua ndani yako pia.

Mwalimu wa kijijini na wimbo wa dunia nzima

Enzi ya Romantiki, karne ya 19 karibu yote, ilisema: imba moyo wako, imba nchi yako. Tarehe 24 Desemba 1818, huko Oberndorf karibu na Salzburg, padre msaidizi Joseph Mohr alimpelekea Franz Gruber shairi lake aliandikie muziki wa sauti mbili na gitaa. Gruber alikuwa mwalimu wa shule katika kijiji jirani na mpiga kinanda wa kanisa. Siku hiyo hiyo ukaandikwa, usiku ukaimbwa. Ndio huo mnaouimba kila Krismasi. Walimu wa shule za msingi wa Kitandililo na Luponde mnaopiga kinanda Jumapili, Gruber ni mwenzenu kwa kazi zote mbili.

Mwaka 1829 Mendelssohn, akiwa na miaka ishirini tu, aliuongoza Berlin muziki wa Bach wa Mateso kwa Injili ya Matayo, ambao ulikuwa haujaimbwa hadharani kwa muda mrefu. Bach alikuwa amelala kaburini miaka karibu themanini. Kilichomwinua ni karatasi zake.

Naye Antonín Dvořák, mtoto wa mchinja nyama wa kijiji cha Bohemia, alipokwenda Marekani aliwaambia Wamarekani mwaka 1893 kwamba muziki wao wa kesho utajengwa juu ya nyimbo za watu weusi. Wengi walishangaa. Karne ya 20 ikamthibitisha. Béla Bartók na Kodály wakazunguka vijijini wakirekodi wakulima kwa fonografu, na muziki wa kijijini ukawa msingi wa kazi kubwa. Kama nyimbo za wachunga nguruwe wa Hungaria zilitosha, za wapanda viazi wa Njombe zimepungukiwa nini?

Enzi iliyofika kwetu

Msidhani nawapa mifano ya Wazungu tu. Mwaka 1897, karibu na Johannesburg, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya aitwaye Enoch Sontonga alitunga wimbo kwa ajili ya wanafunzi wake, kwa nota za do re mi, kama alivyoandika nyingine kwenye daftari lake la mazoezi. Alikufa mwaka 1905, kijana bado. Daftari la mwalimu huyo ndimo ulimotoka muziki wa Mungu Ibariki Afrika, tunaouimba tangu Uhuru wa 1961. Zambia wanaimba muziki huo huo. Afrika Kusini pia. Upangaji wake wa sauti nne ni wa Kiulaya. Sala na moyo ni vya Kiafrika. Ulizaliwa kwenye mazoezi ya kwaya kama yenu.

Uganda, Joseph Kyagambiddwa aliichukua oratorio, umbo lile lile la Handel, akaijaza muziki wa Buganda na habari za Mashahidi wa Uganda. Ikaimbwa Roma mwaka 1964, Mashahidi walipotangazwa watakatifu. Mtanzania, Padre Stephen Mbunga, alikuwa ameshachapisha mwaka 1963 kitabu kizima kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Na mwaka 1966, mwanafunzi wa teolojia pale Makumira, Bernard Kyamanywa, aliandika Mfurahini, Haleluya kwa mahadhi ya Kihaya. Alikuwa mwanafunzi, hakungoja cheo. Leo wimbo huo wa Pasaka umo kwenye vitabu vya nyimbo vya makanisa ya Marekani na kwingineko, na Wazungu wanaukariri kutoka kwetu.

Kinshasa, mwaka 1994, rubani Armand Diangienda alianzisha okestra ya waumini wa Kanisa la Kimbangu akiwa na watu wachache na vayolini chache kuliko watu. Walipokezana: huyu akimaliza zamu yake, mwenzake anapokea. Uzi ukikatika, waya wa breki ya baiskeli ulisaidia. Mmoja wao akaanza kuchonga besi kubwa kwa mikono yake. Wakapiga simfonia ya tisa ya Beethoven, dunia ikaja na kamera, na filamu yao ikatoka mwaka 2010. Korogocho, Nairobi, watoto wanaokaa karibu na dampo la Dandora wanajifunza vayolini na tarumbeta katika Ghetto Classics, iliyoanzishwa na Elizabeth Njoroge mwaka 2008. Njombe yenye mbao za kila aina na mafundi seremala kila kona itasemaje kwamba haina vyombo?

Kazi inayoanza wiki hii

Hamasa bila kazi ni kelele. Haya ndiyo ya kufanya.

Kwanza, kila mwanakwaya asome nota. Dakika ishirini za mwanzo wa kila zoezi ziwe za kusoma, kabla ya wimbo wowote. Anayejua amfundishe mmoja asiyejua, na asiyejua asione haya kuuliza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Pili, nenda kwa bibi. Rekodi wimbo mmoja kwa simu, kisha kaa uuandike: kwanza mapigo, kisha sauti. Muulize unaimbwa wakati gani na ulitoka wapi, uandike hayo pia. Usiurekebishe upendeze, uandike ulivyo.

Tatu, tunga mdogo. Mistari minne ya zaburi, sauti moja. Ukiridhika, ongeza besi. Kisha jaza katikati. Utakosea, sauti zitagongana, wenzako watacheka. Rekebisha urudi nao wiki ijayo. Bach alikuwa na Jumapili yake, nawe unayo.

Nne, hifadhi na sambaza. Programu ya MuseScore ni ya bure na inachapa nota safi. Tovuti ya Swahili Music Notes, inayofahamika kwa wanakwaya wa Kikatoliki, ina nota nyingi za watunzi wa Kiswahili za kujifunzia. Kazi za Bach na Handel zipo bure mtandaoni kwa sababu haki zake zimeshaisha. Kazi yako isajili kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA, maana mcheza kwao hutunzwa, lakini asiyejulikana mwenyewe hatunzwi na mtu.

Tano, anayewaka zaidi aende shule. Makumira wanatoa shahada ya muziki, Bagamoyo kuna chuo cha sanaa, TaSUBa, Zanzibar kuna chuo cha muziki cha nchi za jahazi. Treni ya TAZARA na mabasi ya Makambako hayapeleki mbao na mahindi tu, yanapeleka watu. Bach alitembea.

Viongozi wa sharika na parokia, ninyi nanyi. Mnanunua sare mpya za kwaya kila baada ya muda. Safari hii nunueni pia daftari, rimu ya karatasi na mafunzo ya wiki moja ya nota. Kwenye tamasha lenu la kwaya, tengeni zawadi ya wimbo mpya ulioandikwa, na mwenye kuimba vizuri wimbo wa wengine apate ya pili yake.

Majilio yanapofika, kila kwaya ya Njombe, Makambako, Wanging'ombe, Makete na Ludewa isimame na wimbo mmoja ambao haukuwepo mwaka jana: sauti nne, umeandikwa ukasomeka, jina la mtunzi juu kulia, jina la kijiji na mwaka chini yake. Mmoja tu kwa kila kwaya. Wanaopanga historia ya muziki kwa enzi hufanya hivyo kwa karatasi walizozikuta; wasiokuta kitu huandika kwamba hapakuwa na kitu. Basi wawekeeni za kukuta. Alhamisi hii mazoezini, kila mtu aje na penseli.